Rufaa ya Monika

Monika alipoingia kwenye stationery ya Cornelia, duka la uchapaji pale Mazwi mjini, ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, ametoka kijijini Milepa alfajiri juu ya lori la mahindi.

"Shikamoo, mama," Cornelia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamwekea mezani karatasi nne zilizoandikwa kwa kalamu. "Karani wa mahakama kanirudisha. Anataka zipigwe chapa, nakala tatu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya rufaa yangu, na wanafunga saa tisa na nusu."

"Mbona umechelewa hivi?"

"Nilikuwa nimelazwa. Juzi ndiyo nimetoka."

Rufaa ilihusu shamba. Shemeji yake alikuwa ameshinda kesi kwa kudai kwamba ardhi ile ni ya ukoo. Monika ameilima miaka thelathini na moja, na humo ndimo alimozikwa mumewe.

Cornelia alizisoma haraka. Kompyuta yake kubwa haikuweza kuwaka bila umeme. Betri ya sola, kupitia inverter ya kugeuza umeme wake, ilimudu laptop ya zamani na printa ndogo tu. Lakini printa ilikuwa ya mwaka jana, na laptop ilikuwa na programu endeshi ya Linux ya mwaka 2012. Hakuwahi kuziunganisha. Stationery za jirani zote hazikuwa na umeme, na ile yenye jenereta ilikuwa imefungwa, mwenyewe kaenda msibani Milanzi.

Akachapa kwenye laptop bila kuinua kichwa. Saa nane na robo alimaliza, akachomeka waya wa printa.

Laptop haikuitambua. Akaunga bando la simu ili apakue programu ya kuiendesha. Likaja jibu kwamba toleo lile la Linux halihudumiwi tena.

"Mama, sitaki nikudanganye," alisema. "Hii mashine inaweza ikakataa."

"Kuna mwingine mwenye mashine?"

"Kwa leo, hakuna."

Monika akaketi kwenye benchi. "Basi endelea nayo."

Cornelia akampigia Ignasi, fundi aliyemwekea Linux hiyo, ambaye siku hizi anaishi Namanyere.

"Usijaribu kuisasisha, itakuvuruga kabisa," Ignasi alimwambia. "Ingia kwenye orodha ya printa, tafuta ya kampuni hiyohiyo lakini ya zamani. Idanganye laptop kwamba printa yako ndiyo hiyo. Ikigoma, jaribu nyingine, ila angalia usi—"

Simu ikakatika. Alipopiga tena hakumpata.

Cornelia akachagua jina la kwanza. Printa ikavuta karatasi, ikatema mstari mmoja wa alama zisizosomeka. Ikavuta ya pili, ya tatu, ya nne. Akachomoa karatasi zote kwa mkono na kuifuta kazi ile kwenye laptop. Jina la pili halikuleta chochote. Saa tisa kasoro dakika tano, taa ya betri ya sola ikawa nyekundu.

Akachomoa chaji ya laptop ili umeme wote uende kwenye printa. Kwa betri yake yenyewe, laptop ingedumu labda robo saa. Akachagua jina la tatu. Monika alikuwa ameinuka na kusimama nyuma yake. Cornelia alisikia pumzi zake shingoni.

Printa ikanguruma, ikanyamaza, kisha ikatoa ukurasa safi, kila herufi mahali pake.

Walihesabu kurasa kwa macho, nne kwa kila nakala. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Ukurasa wa kumi na mbili ulifika nusu, inverter ikalia na kuzima.

"Imekufa?" Monika aliuliza.

"Bado sijui."

Cornelia akauchomoa ule ukurasa, akatoa nyaya za simu na balbu zilizokuwa kwenye betri, akaiacha ipumzike. Alihesabu hadi mia moja na ishirini. Alipowasha tena, printa iliamka. Akatuma ukurasa mmoja tu. Ulipotoka wote, inverter ikazima tena.

Monika akasaini palepale. Cornelia akafunga duka, wakapanda bodaboda wote wawili.

Karani alizipokea saa tisa na dakika ishirini na nne. Alifungua nakala moja baada ya nyingine, akilinganisha, na Monika akawa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Hatimaye muhuri ukagongwa mara tatu.

Nje, Monika akaketi kwenye ngazi za mahakama na kulia kimyakimya. Cornelia akaketi pembeni yake, akamshika bega.

Rufaa ilisikilizwa mwezi wa nne. Jaji akaamuru kesi ianze upya, na hadi iamuliwe, mama huyo asiondolewe shambani. Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, alipanda mahindi kama kawaida, kuzunguka kaburi la mumewe.