Nyumba Haiombwi

Barua ya kumtoa Rowena Tapsell ndani ya nyumba ilifika Jumatano, siku ya pai ya samaki shuleni, na mpishi wa shule ni yeye. Akaisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda kuwapikia watoto sitini na wawili. Hakulia. Sisi watu wa Nether Pellow hatulii mpaka kazi ziishe, na hata zikiisha tunatafuta kwanza pa kujificha.

Barua yenyewe haikuwa na neno baya. Mwenye nyumba, bwana mmoja wa London ambaye Rowena alimwona mara mbili tu katika miaka kumi na mmoja, alimshukuru kwa kuitunza nyumba, akamtakia heri, akampa miezi miwili. Alitaka kuigeuza nyumba ya wageni wa likizo. Ya kumi hiyo! Pita barabara yetu uhesabu visanduku vya funguo vilivyopigiliwa milangoni, vile vya kubonyeza tarakimu: tisa, katika nyumba kumi na sita. Wiki ya Pasaka utadhani tuna mji. Ikiingia Novemba madirisha ni giza tupu, na mtu akikohoa kwake anasikika mpaka darajani.

Kama ni yeye peke yake, Rowena angehama tu, akanung'unika wiki mbili, yakaisha. Kilichomkata maini ni baba yake. Mzee Ambrose, seremala mstaafu wa miaka sabini na tisa, akili ilikuwa inamwondoka kidogo kidogo. Siku nyingine alimwita Rowena kwa jina la marehemu mkewe. Lakini miguu yake haikusahau kitu. Alikwenda dukani, akarudi. Alikwenda darajani, akarudi. Na kila Jumamosi asubuhi alipanda ngazi hamsini na moja za mnara kuitia ufunguo saa ya kanisa, kazi aliyoifanya miaka arobaini na sita, hata wiki ile aliyomzika mkewe. Rowena alikuwa akimfuata kwa mbali, akijifanya amekuja kubadilisha maua ya altare.

Nyumba pekee aliyoipata ilikuwa mjini, mwendo wa saa nzima kwa basi, ghorofa ya nne. Akampeleka mzee wakaione. Alipokuwa anafungua makabati ya jikoni, baba akapotea. Rowena alimkuta chini kwenye maegesho ya magari, kofia mkononi, kwa adabu zote, akimwuliza kila anayepita njia ya kwenda darajani. Daraja letu la huku. Rowena akamshika mkono, wakapanda basi la kurudi. Alijua sasa: huko mjini, baba yake angepotea moja kwa moja.

Na nyumba tupu kijijini ilikuwepo, hilo ndilo linaloudhi! Ilikuwa ukutani kabisa mwa makaburi ya kanisa, nyumba ndogo ya mawe ya marehemu Lettice. Mwenyewe sasa ni dada yake, Bi Honor Lyddiard, mjane wa mkulima, anayekaa nyumba kubwa iliyo mkabala. Mwaka na nusu haukuwashwa moto mle ndani. Tena Bi Honor na Mzee Ambrose walisoma dawati moja, wakachapwa fimbo moja.

Utasema, si akaombe? Unasema hivyo kwa sababu una akili timamu. Kwetu nyumba haiombwi. Kwetu unapita karibu ukaisifia bustani. Mwenyewe akiwa na moyo, anagusia. Unakataa. Anagusia tena, unakataa kwa sauti ya chini. Anagusia mara ya tatu, hapo unasema, "Basi, kama kweli si usumbufu." Ndivyo tulivyogawana mashamba, paka, na hata wachumba. Ukivunja utaratibu huo, watu watakusema mpaka wajukuu wako.

Basi Rowena akapiga moyo konde, akapita.

"Waridi za marehemu zimependeza, Bi Honor."

Bi Honor alikuwa getini na mbwa wake mzee. "Zimependeza, ee. Ila nyumba yenyewe inaoza. Nyumba inataka watu." Akamtazama Rowena, akatazama pembeni haraka. "Nimesikia mnahama."

"Ah, usijali, tutapata tu. Tumeshaona mahali mjini. Pazuri."

"Pazuri?"

"Pazuri sana. Pana lifti."

"Lifti!" akasema Bi Honor. "Haya. Maana nilikuwa nafikiri, kama mngekosa..."

"Wala usijisumbue, Bi Honor."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Rowena akasimama palepale, roho juu, akingoja ya pili. Bi Honor akainama, akamtoa mbwa majani yaliyomganda shingoni, akainuka. "Basi msalimie baba," akasema, akaingia ndani. Rowena akabaki anatazama mlango uliofungwa. Alijisikia mjinga, na kweli alikuwa mjinga, lakini ndivyo alivyolelewa.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja akaingia dukani kwa Pru Hatherley kununua mkate. Pru ni mtu wa kujua mambo kabla hayajatokea.

"Umesikia? Dalali amekuja kuipima nyumba ya Lettice," Pru alisema. "Mtu na mkewe kutoka London. Watakuja wikendi na wikendi. Jumatatu wanatia saini."

Rowena akaweka mkate juu ya kaunta kama vile umemwunguza.

"We, kaa chini, umekuwa mweupe. Nenda kamwambie Bi Honor!"

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba unaitaka! Midomo si unayo?"

"Ameshatoa neno lake, Pru. Nitamtia aibuni."

"Mwenzangu, wewe utakufa na tai shingoni."

"Na wewe je? Mbona humwambii wewe? Kila siku yuko hapa dukani."

"Mimi?" Pru akashtuka, akashika kifua. "Mambo ya watu hayo! Mimi siingii."

Mnaona? Ndio sisi hao. Mficha uchi hazai, na kijiji kizima kilikuwa kinaficha.

Kesho yake ilikuwa mlo wa mavuno. Ukumbi wa kijiji ulipambwa masuke na vitunguu vikubwa kuliko kichwa cha mtoto, meza zikapangwa, na kufika saa kumi na moja jioni watu hamsini walikuwa wamekaa mbele ya paja la nguruwe baridi na viazi vya kuchemsha. Rowena hakupata nafasi ya kukaa, maana yeye ndiye aliyepika. Alimkalisha baba yake pale anapokaa kila mwaka, na mkabala naye, kama kila mwaka, Bi Honor. Kila akipita na sinia aliwatupia jicho. Walikuwa wanaongea kuhusu mwalimu wao aliyekufa zamani. Mzee alikuwa anacheka, na kicheko chake kilimwuma Rowena, kwa sababu alikuwa anahesabu siku.

Ilipoletwa pai ya tufaha na kastadi, Mzee Ambrose akaweka kijiko chini.

"Honor," akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za msumeno. "Ile nyumba ya Lettice si tupu?"

"Ni tupu, Ambrose."

"Tupe sisi. Hatuna pa kwenda."

Lo! Ukumbi ulinyamaza. Mchungaji alibaki na kijiko mdomoni. Mimi nimeishi hapa tangu kuzaliwa, na nakwambia hata siku paa la ukumbi lilipovuja katikati ya harusi hakukuwa na kimya kile. Rowena aliyekuwa na birika la kastadi mkononi alitamani ardhi ipasuke.

"Baba! Bi Honor, samahani, samahani sana, hajui analosema, unamjua hali yake..."

"Najua ninalosema," akasema mzee. "Wamenipeleka mahali sikujua njia. Niliuliza watu wote, hakuna aliyejua daraja liko wapi. Sitaki kurudi kule, Honor."

Bi Honor alikuwa mwekundu hadi masikioni. Lakini hakumtazama Ambrose. Alimgeukia Rowena.

"Si uliniambia mmepata mahali pazuri?"

"Nilisema."

"Penye lifti!"

"Ipo, Bi Honor. Ila siku ile ilikuwa imeharibika."

"Sasa mtoto wewe, kwa nini usiniambie?"

"Nilingoja uniulize tena," akasema Rowena, machozi yakimlengalenga.

"Nikuulize tena! Nikadhani unanikwepa!" akasema Bi Honor. "Nikasema, nani atake nyumba yenye unyevu, mkabala na kikongwe na mbwa mwenye harufu? Nilikaa dirishani wiki nzima nikingoja upite tena kusifia zile waridi za balaa. Waridi zenyewe zina kutu!"

Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akajifanya amepaliwa.

Kisha Bi Honor akakumbuka, na uso ukamwanguka. Akaikunja leso ya meza, akaikunjua. "Nimeshatoa neno langu," akasema polepole. "Jumatatu wanakuja kutia saini. Maisha yangu yote sijarudisha neno."

Rowena akatikisa kichwa. "Basi, Bi Honor. Usijali. Tutajua la kufanya." Maneno yalimtoka yenyewe, yale yale yaliyomponza mwanzo.

"Neno umempa nani?" akauliza Mzee Ambrose.

"Watu wa London."

"Watakaa lini hao?"

"Jumamosi na Jumapili."

Mzee akafikiri. Ilionekana anafikiri kwa bidii, kama mtu anayenyanyua kitu kizito. "Sisi tutakaa hata Jumanne," akasema.

Bi Honor akasukuma kiti nyuma, akafungua mkoba, akatoa simu. Ukumbini mwetu simu hushika mahali pamoja tu, kwenye dirisha la kupitishia vyakula kutoka jikoni, kwa hiyo ilibidi akaongee pale, mbele ya watu hamsini waliogeuka ghafla kutazama vitunguu.

"Halo? Ni Honor Lyddiard hapa. Samahani kuwasumbua Jumamosi... Ni kuhusu nyumba. Samahani sana. Nimebadili nia." Kimya. "Hapana, si bei." Kimya. "Mnasema kweli, nilitoa neno, na ninaona haya. Samahani." Akafumba macho. "Lakini hapana. Hapana. Imeshapata watu."

Pru alizihesabu samahani: zilikuwa tisa. Bi Honor alirudi mezani, akaketi, na hapo ndipo ukumbi mzima ukaanza kuongea kwa pamoja kuhusu hali ya hewa, kwa furaha ya ajabu. Rowena aliweka birika mezani. Akamkumbatia Bi Honor kutoka nyuma, mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote nje ya mazishi.

"Kastadi inapoa," akasema Bi Honor, akiushika ule mkono kwa nguvu.

Walihama mwisho wa Oktoba. Nusu ya kijiji ilibeba viti, na mbwa wa Bi Honor alikuwa ameshajichagulia pake mbele ya jiko la kuni kabla halijawashwa. Rowena alipaka chokaa chumba cha baba yake na kumpangia vifaa vyake vya useremala dirishani, lakini moyo haukumtulia. Nyumba ilikuwa ngeni kwa mzee. Wiki nzima hakutoka peke yake.

Jumamosi asubuhi mzee akavaa kofia, akaenda kanisani. Rowena akamfuata, akasimama nyuma ya mti mkubwa wa makaburini akiwa amebeba maua yake ya kisingizio. Akasikia huko juu mlio wa meno ya saa ikitiwa ufunguo, taratibu, mizunguko yote. Kisha akamwona baba anatoka mlangoni mwa mnara, anasimama.

Mzee akatazama barabara ya kushoto, ile ya nyumba ya zamani, yenye kisanduku kipya mlangoni. Rowena akazuia pumzi. Mzee akatazama mbele, juu ya makaburi, moshi uliokuwa unatoka kwenye bomba la nyumba ya Lettice. Akavaa kofia vizuri, akapita katikati ya makaburi, akamgusa mkewe jiweni kama afanyavyo siku zote, akafungua geti dogo, akaingia nyumbani.

Rowena alipoingia alimkuta ameketi, mbwa miguuni, anangoja chai. Akamwandalia.

"Nyumba nzuri hii," akasema mzee, akitazama dari. "Ya Lettice, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Nani alituombea?"

"Wewe."

"Mimi?" Akamtazama kama vile amemtukana. "Toka lini? Mimi ni mtu wa kuomba nyumba za watu? Nyumba haiombwi, mwanangu. Tulikulea hivyo."

"Mlinilea hivyo, baba," akasema Rowena, akamwongezea maziwa kwenye chai, akageukia dirishani mpaka macho yakakauka.