Masikio ya Daktari

"Na hii je, mzee?"

Daktari aliusoma mdomo wa binti, kisha akafumba macho kama mtu anayesikiliza kwa makini. Hedifoni zilimbana masikio, nzito na zenye joto, na ndani yake hamkuwa na kitu. Kimya kitupu. Akahesabu moyoni hadi tano, akatikisa kichwa kwa huzuni, akabonyeza kitufe chekundu: mbovu.

"Hiyo ni sauti ya mia mbili na kumi na nne," binti alisema. "Hujachoka?"

"Nichoke kusikiliza? Hiyo si ndiyo kazi yangu, mwanangu?"

Binti alikuwa mtengenezaji wa programu, ametumwa na makao makuu. Kwenye kila pampu ya kituo cha maji alikuwa amebandika kidude kidogo mfano wa kizibo cha chupa, kinachonasa mlio wa pampu na kuupeleka mtandaoni mchana kutwa. Lakini programu haizaliwi na akili. Lazima mtu aifundishe upi mlio wa pampu nzima, upi wa pampu inayochungulia kaburi, na kituo kizima kilimtaja mtu mmoja tu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akizipima pampu kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akisema beringi hii haifiki Ijumaa, haifiki. Wakamwita Daktari kwa mzaha, na mzaha ukageuka heshima.

Wasichokijua ni kwamba miaka minne nyuma masikio yake yaliumwa, yakatoka usaha, yakajifunga. Ule mfupa ndio uliobaki. Mtetemo ulipanda kwenye bisibisi ukaingia kichwani, na yeye akausikia vilevile kama ujanani. Tena kwenye chumba cha pampu kila mtu hupayuka na kuonyesha kwa vidole, kwa hiyo kiziwi hana tofauti na wenzake. Siri ilikaa vizuri mpaka zilipoletwa hedifoni.

"Waambie," mkewe alitamka polepole jioni ile, ili maneno yaonekane.

"Niwaambie Daktari wao hasikii? Kesho yake si wananirudisha nyumbani nikakutazame unavyochambua mchele?"

"Kuna ubaya gani kunitazama?"

"Hakuna, mama watoto. Lakini hakuna atakayeniita Daktari. Ile kompyuta ina akili bwana, itajisahihisha yenyewe."

Mkewe akarudi kwenye mchele wake. Daktari aliamini alichosema kwa sababu alitaka mno kukiamini. Akarudi kubahatisha: nzima, nzima, mbovu, nzima, mpaka milio mia nne ikaisha. Binti akamshukuru kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata kila pampu ilifungwa taa inayoongozwa na ile programu. Ikiwaka kijani, pampu isiguswe; ikiwaka nyekundu, izimwe. Bisibisi hazikuhitajika tena, ila mazoea yana taabu yake. Asubuhi moja, akipita kwenye pampu ya nne, Daktari aliegesha ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa.

Beringi ilikuwa inasaga kama meno yenye mchanga. Alitazama juu: taa ya kijani, imetulia kabisa. Chini, hatua moja tu kutoka kwenye mhimili unaozunguka, kijana wa kupaka grisi amechuchumaa akifuta mafuta, mgongo wazi, akipiga mluzi ambao Daktari aliuona tu midomoni.

Akaondoka. Ndiyo, aliondoka. Alifika mpaka pampu ya saba, akijiambia kwamba huenda mfupa nao umeanza kuzeeka. Kisha aibu ikamshinda, akarudi mbio na kupiga swichi kwa kiganja kizima.

Walipoifungua, beringi ilitoka vipande vipande. Kijana wa grisi alivitazama, akajipapasa mgongo, akakaa chini. Wengine wakampigapiga Daktari mabegani wakicheka. Binti peke yake hakucheka. Alikuja na kompyuta mkononi, amekunja uso.

"Mzee, sielewi. Mlio kama huu ulikuwamo kwenye ile mia nne. Uliuweka kwenye nzima. Si mara moja."

Daktari alitamani ajifanye hakuona alichosema. Ingewezekana, wengi walikuwa wanasema kwa pamoja.

"Sisikii," alisema.

"Nirudie?"

"Hapana, mwanangu. Sisikii. Sikusikia hata mmoja. Nilibonyeza tu."

Kicheko kilikatika, aliona midomo ikifumbwa mmoja mmoja. Akangoja matusi. Yangekuwa nafuu. Lakini binti aliketi kwenye ngazi ya chuma, akafungua kompyuta magotini na kumgeuzia kioo.

"Nilidhani tumemaliza," alisema, sasa akitamka polepole kama mkewe. "Ijumaa niliituma programu kila mahali. Vituo kumi na kimoja, mzee. Vyote vinasikiliza kwa masikio yako."

Ilikuwa ramani. Daktari aliinama karibu, akaanza kuzipitia kwa kidole taa za mahali asipowahi kufika, kituo baada ya kituo, na kila moja ilikuwa ya kijani.