Tuta Nililodhani Tupu

…hapana, hapa hapakuwa na kitu, hapa nilipaacha patupu mimi mwenyewe kwa ajili ya vipande nilivyokata asubuhi, si hivi hapa juu ya gunia, vimeshapakwa majivu vinangoja kulazwa, sasa jembe limegonga nini, limelia kama sahani, jiwe halilii hivyo, jiwe lina mlio mzito na mkono unauhisi mpaka kwenye kiwiko, hiki kimelia kama mtu aliyegusa kikombe kwa kijiko, na wifi yangu pale kwenye ngazi ya mlango wa jikoni hajasikia, anatafuna karanga na kuzungumza, "…nikamwambia, fundi, hili ni gauni au ni gunia lenye mikono?", anacheka peke yake, na mimi nacheka pia, nimechelewa kidogo, "Hee, mafundi!" namwambia, huku nimepiga magoti na mkono umeshaingia kwenye udongo, mlaini, mlaini mno, udongo ambao haukuguswa kiangazi kizima hukaza kama sakafu, huu umechimbuliwa, una samadi, nani katia samadi hapa, na kidole kinagusa ukingo wa kitu, upande mmoja laini, upande wa pili unakata, na ninajua ni nini kabla sijakitoa, ni kigae, nani mwingine anaweka kigae juu ya ua lililolala kama si mimi, na kabla yangu mama… haya maua yetu mekundu yana tabia yake, hayafi, yanalala, mvua ikikatika majani yanakauka yanaanguka na tuta linabaki kipara kana kwamba hapakuwahi kupandwa kitu, kumbe chini huko viazi vyake vimejikunja kama tangawizi vinasubiri mvua nyingine, mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana mama alilaza kigae juu ya kila kimoja, ili mwenye jembe agonge kigae kwanza na asimame, "Ukisikia mlio toa mkono, kuna mtu kalala," ndivyo alivyokuwa akisema, mtu, na sisi watoto tukicheka.

Lakini hapa sikulaza kitu, nakumbuka sikulaza… nakumbuka? Nakitoa kigae taratibu, nakifuta kwa kidole gumba, rangi inatokea, bluu, na bluu hii ninaijua, ni bakuli la matunda, lilikuwa zima mwaka jana wakati wa kupanda, lilikuwa zima hadi juzijuzi tu, siku ile kitindamimba wangu alipokuja na mtoto kuniambia likizo yake ya uzazi, pamoja na ile miezi aliyoongezewa bila mshahara, inakwisha, mtoto akavuta kitambaa cha meza, bakuli likaenda chini, wote tukapiga kelele isipokuwa yeye mwenyewe, Kibonge wetu, aliyevitazama vipande kama hakimu, hilo nalikumbuka, nakumbuka mpaka chungwa lililobingirika likaingia chini ya friji, nakumbuka nikisema acheni, nitafagia mimi, nikafagia, halafu… halafu vigae nilivipeleka wapi, nilivitupa, mtu akivunja bakuli anatupa, lakini hiki hapa kiganjani mwangu, na chini yake nafukua kwa kucha na kiazi kinajitokeza, kina jicho jekundu limeanza kuchomoza, na ubavuni jeraha la kisu bado lina majivu, udongo haujayala, na limekatwa mshazari, mama alikata wima, mimi hukata mshazari kwa sababu ya hiki kidole changu kisichokunjika, huu ni mkono wangu, ningeutambua hata gizani, huu ni mkono wangu na mimi sikuwepo… "Wifi, unanisikiliza?" "Nakusikiliza, huyo fundi wako…" "Fundi nilimaliza zamani! Niko kwa mwenye nyumba!" "Ndiyo, mwenye nyumba, endelea," na nakifumba kigae kiganjani asione… labda ni baba watoto, labda alitaka kunifurahisha, lakini yule mwanamume hajui ua wala gugu, mwaka ule alinipalilia tuta zima kwa mapenzi, akang'oa maua yote akaacha magugu yamesimama wima kwa heshima, tukacheka wiki nzima, hawezi, na majivu angeyajulia wapi, na wifi haiwezekani, magoti yake hayamruhusu hata kuokota kijiko, tena kaja majuzi tu, kaja kwa ajili ya jino… nasogeza mkono pembeni, kidogo tu, tafadhali pasiwe na kitu, pasiwe na kitu, na kucha inagonga, bluu, nasogeza tena, bluu, tena, hiki ni kitako cha bakuli chenye ile alama ya kiwanda, Mungu wangu, tuta zima, nimelipanda tuta zima, nimeinama hapa pengine asubuhi nzima, nimekata, nimepaka majivu, nimechimba, nimemwagilia, nimenawa mikono, nimeingia ndani nikanywa chai, na asubuhi ya leo nikafukua lile shina kuu ninalokatia vipande nikaliona dogo kuliko nilivyotarajia nikasema ni fuko, fuko amelila, nikamlaani fuko wa watu asiye na hatia.

Mama alianza hivi hivi, alianza na maua haya haya, mwaka ule alipanda akafukua, kila asubuhi anafukua kutazama kama vimeshika mizizi, anavirudisha, anakunywa chai, anasahau, anarudi kufukua, na sisi tukasema mama ana pupa, tukamtania, "Mama, waache wenzio walale," na mvua ikanyesha na hakuna hata kimoja kilichochanua, kisha akaanza kuniita kwa jina la shangazi, tukasema ni uzee, kisha ikaja ile siku ya beseni, mtoto wa kaka yangu alikuwa kwenye beseni akioga, mtu akabisha hodi getini, mama akaenda, wakazungumza, akaona majani makavu akayaokota, akaona tuta, akapiga magoti, na beseni likafutika kichwani mwake kana kwamba halijawahi kuwapo, jirani ndiye aliyesikia maji yakichapwa kisha akasikia hayachapwi tena, akaruka uzio, mtoto akatolewa midomo imegeuka rangi, akalia, alilia, alipona, leo ni mwanamume mzima mwenye kitambi, lakini tangu siku ile hakuna aliyemletea mama mtoto tena, na hakuna aliyemwambia kwa nini, alikaa kwenye kiti karibu na mlango akiuliza, "Watoto leo wako wapi?" na sisi tunamwambia shuleni, hata shule zikiwa zimefungwa tunamwambia shuleni, na yeye anaitikia, "Aa, shuleni," anafurahi, kesho anauliza tena… na kesho, kesho asubuhi Kibonge anakuja, na mkoba wake na chupa zake, mama yake anarudi kazini na mimi nilisema nitamlea, nilisema kwa kiburi kabisa, nimelea wanne sitashindwa na huyu mmoja, na ameanza kutambaa, anafika popote, nageuka kulitazama lile pipa la maji ya kumwagilia pale pembeni mwa bustani, nililifunika? Limefunikwa, na juu ya kifuniko kuna jiwe, jiwe kubwa, mimi siwezi kulinyanyua jiwe kama lile, nani kaliweka… baba watoto, ni baba watoto, ndiye yule yule ambaye siku hizi kila akipita jikoni anafunga mtungi wa gesi, nikamuuliza akasema umri unamtia wasiwasi wa moto, nikamtania, nikamwita zimamoto, naye akacheka, lakini sasa nauona uso wake ulivyokuwa akicheka, macho hayakucheka, na binti yangu kila jioni kwenye simu, "Mama, leo umekula nini mchana?" mimi nikidhani ni mapenzi, na ni mapenzi, lakini kila akiuliza mbona natembea na simu mpaka jikoni kufunua sufuria ndipo nimjibu… na huyu hapa kwenye ngazi, kaja kwa jino, tangu aje hajakwenda kwa daktari wa meno hata siku moja, mgonjwa gani wa jino anatafuna karanga kutwa, tena kwa pande zote mbili, krakra krakra, namsikia, "…basi mwenye nyumba akasema eti bomba ni juu yangu, mimi nikamtazama tu…" na kila nikiinua kichwa macho yake yako kwangu, anayaondoa haraka anayapeleka kwenye bakuli la karanga.

Wanajua. Wamekula njama, wamekaa mahali wakanizungumza, nani katengeneza chai siku hiyo, nani kalia, na nani kasema tusimwambie, tumwache aamini anamlea mtoto, wifi atakaa pembeni na jino lake, na hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka, kwa nini wasiniambie, mimi si mtoto, na papo hapo nakumbuka, sisi tulimwambia nani… shuleni, mama, wako shuleni… sawa, basi na mimi najua mchezo, nitajitia hamnazo, nitafukia, ni rahisi, nasukuma udongo kwa viganja, nakifunika kiazi, nakirudisha kigae mahali pake, nabandika, napigapiga, hivi vipande vya leo nitavipeleka kule nyuma ya banda, nitasema nimeamua kuongeza tuta, nani atanipinga, mwenye bustani ni mimi, na kuanzia leo nitakuwa mwangalifu, nitafunga gesi kabla yake, nitafunua sufuria kabla simu haijalia, nitamweka Kibonge mgongoni kutwa nzima, sitamshusha, mtu huwezi kumsahau mtoto aliye mgongoni, nitamfunga kwa kanga mbili, na atakapolala… atakapolala nitamlaza kitandani, katikati, nitazungushia mito, nitakaa hapo hapo nimtazame, na mtu akibisha hodi sitakwenda, na simu ikilia sitapokea, na nikiona jani kavu dirishani… nikiona jani kavu… na hilo ndilo nisiloweza kuliahidi, mama naye hakuamua kusahau, kwake mtoto hakuwepo tu, alipiga magoti kwenye tuta na roho yake imetulia kabisa, labda alikuwa akiimba, na mimi juzi au lini huko nilipiga magoti hapa hapa nikapanda tuta zima na bila shaka nilikuwa na furaha, hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwamba sitaogopa, kwamba wakati wenyewe ukifika nitakuwa mtulivu, mikono yangu itakuwa ikifanya kazi nzuri na safi na mtoto atakuwa kimya mahali fulani… mikono imesimama, nusu ya shimo imefukiwa, nusu iko wazi, kimya cha jikoni nakisikia, sijui wifi kanyamaza tangu lini.

Naogopa. Naogopa kusema na naogopa kutosema, nikisema sitamshika tena bila mtu kunitazama mikono, nitaketishwa kwenye kiti, nitaanza kuambiwa shuleni, lakini nikisubiri mpaka nipate ujasiri huenda nitaupata na kuwa nimesahau ulikuwa wa nini, basi iwe sasa, nikiwa bado najua, nikiwa bado nina kitu cha kuogopa. "Wifi." "Naam." "Kesho mtoto akija…" nakatiza, naanza upya, "Kesho mtoto akija usiniache naye peke yangu. Hata kidogo. Hata nikikufukuza, hata nikikutukana, usitoke." Nimesema. Simtazami, natazama udongo, nasubiri anipigie kelele, nasubiri aulize kuna nini, aulize tangu lini, aseme wifi acha maneno yako, lakini nasikia bakuli la karanga likiwekwa chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala, na ninapoinua macho uso wake hauna mshangao, una huruma, na uchovu, na kitu kingine ambacho nimekiona usoni mwangu mwenyewe zamani nilipokuwa nikimjibu mama. "Sitatoka, wifi," ananiambia, taratibu, bila haraka yoyote, "si ndiyo maana ulinipigia simu nije."

…nilimpigia. Mimi. Nilikaa mahali fulani na simu, nikiogopa hivi hivi, nikapiga moyo konde nikasema, na aliposikia akafunga virago akaja, na hakuna njama, hakuna aliyekaa na mwenzake kunizungumza, ni mimi, niliyajua yote nikayafanyia kazi, kisha yakaniponyoka na huyu mwanamke amekuwa akiniwekea… "Nilikuambia lini?" nataka kumuuliza, mdomo umeshafunguka, na yeye anasubiri, amekunja mikono magotini, anasubiri kwa utaratibu wa mtu anayejua swali linalofuata na jibu lake na kilio kitakachokuja baadaye, na mimi naufunga mdomo, nauingiza tena mkono kwenye udongo, na simuulizi hii ni mara ya ngapi namwambia.