Nyungu ya Chumba cha Tatu

Mwalimu Elibariki alivuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu, na kila ndoo ilifika juu tupu. Fakihi, fundi rangi wa Chang'ombe, alimwegemeza kifuani pake. Pa kumlaza hapakuwapo. Mahabusu wa chumba cha tatu walibanana hata kunguni, wasemavyo, walihama kwa kukosa nafasi. Ukijikuna mguu, huna hakika ni wa nani.

Kesi zao zilikuwa zikiahirishwa tu. Ndugu walizuiwa kuja, sabuni ilikatika. Kuhusu kikohozi amri ilikuwa moja: kisitajwe jina.

"Vumilia, Mwalimu. Wakija kuhesabu, nasema."

"Usiseme, mdogo wangu. Utajiponza."

Mlango ukafunguliwa, wote wakachuchumaa. Afande Godlisten alisimama mbali, barakoa mbili usoni.

"Mna shida?"

"Hatuna, afande!" alijibu Leodegar, nyapara, mfungwa aliyepewa fimbo awatawale wenzake.

Fakihi akanyoosha mkono. "Shikamoo, afande. Mwalimu hapumui. Naomba apelekwe hospitali."

"Hapumui?" Afande akainamisha kichwa. "Mwalimu, umekufa?"

"Ha... pana, afande."

"Anapumua huyo. Tena ana adabu kukushinda wewe."

Watu wakacheka, maana nyapara alikuwa anawatazama.

"Ana ule ugonjwa, afande. Sie sote tutaupata. Mie naomba haki ya mgonjwa tu."

Kicheko kikakatika.

"Ugonjwa upi? Hebu utaje."

Fakihi akautaja.

Akakwidwa shingoni kwa kosa la kueneza hofu, akatupwa selo ya adhabu ng'ambo ya uwanja. Ajabu ya dunia: huko alinyoosha miguu yote miwili, na upepo wa Kurasini ukamjia dirishani. Hiyo ndiyo adhabu.

Kutoka hapo aliliona sufuria la ugali limebebwa na watu wanne, linafuka mwarobaini na mchaichai. Nyungu, mvuke wa kujifukiza. Nyumbani mgonjwa hufunikwa blanketi lake peke yake. Hawa walifunikwa chumba kizima. Sufuria likaingizwa katikati yao, komeo likagongwa, na Leodegar akaziba madirisha kwa mablanketi kutoka nje.

"Afande!" Fakihi alipiga kelele kwenye nondo. "Mtoeni Mwalimu kwanza! Atakufa!"

"Si ulidai haki ya mgonjwa?" Godlisten alivuta kiti kivulini, akashusha barakoa kidevuni. "Ndiyo hiyo, na majirani zake nimewagawia. Haya, humo ndani! Imbeni, nisikie mnavyopona."

Wakaimba. Wimbo wa kanisani ukagongana na kaswida, halafu vikapatana. Mvuke ukatambaa chini ya mlango. Sauti zikaanza kupungua, moja hapa, mbili pale. Mtu akagonga mlango. Wengine wakagonga, kwa viganja, kwa visigino. Kisha kugonga nako kukakoma.

Afande alitega sikio, akaridhika.

"Hao wamepona," alimwambia nyapara. "Sufuria lihamishieni chumba cha nne."