Rafu za Zahanati

Zahanati ilipoletewa rafu za chuma, zile za mbao zilitupwa nyuma ya jengo, na fundi seremala akaomba azichukue. Alizisukuma kwa mkokoteni, mbao kumi na moja, akaziegemeza ukutani mwa karakana yake, mahali ambapo makopo ya skrubu yalikuwa yamelala chini miaka nenda rudi. Mama yake alikaa mlangoni akimshonea kifungo cha shati.

Mbao zilikuwa zimepinda katikati. Fundi aling'oa misumari ya zamani, akazipiga randa, kisha akazigeuza moja moja juu chini, ili mzigo mpya uzinyooshe taratibu. Ndivyo alivyofundishwa. Kufikia alasiri rafu zilikuwa zimesimama na makopo yamepangwa.

Asubuhi iliyofuata makopo yalikuwa yamesogezwa pembeni, kwa adabu, na kwenye mbao kulikuwa na maboksi ya dawa.

"Umeyaweka wewe?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi yatakuwa ya mbao zenyewe," alisema, akachukua ufagio kufagia maranda.

Maboksi hayakushikika. Mkono ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye mwanga wa dirishani, ila vidole vilibaki na harufu ya spiriti. Kwenye ubao wa juu kulikuwa na kalenda ya kuchana, na kila kulipokucha ilikuwa imeongezeka karatasi moja. Siku ya tatu wakaelewa kwamba mbao zilikuwa zinarudi nyuma, siku kwa siku.

Mama akahesabu kwa vidole. Zilibaki siku kumi na tisa kufika siku ile.

Siku ile mama alimpeleka mkwewe, mke wa fundi, zahanati kuchukua dawa. Walipofika njia panda alirudi mbio kuhakikisha amezima jiko, na jiko lilikuwa limezimwa. Walipofika dirishani, mtunza stoo alisema, "Imekwisha, mama. Mngewahi kidogo tu." Mama akamshukuru. Siku ya tatu mkwewe alifariki, na tangu hapo hakuna siku ambayo mama hakurudi mbio, moyoni, kwenda kuzima lile jiko. Fundi hakuwahi kumwuliza neno. Alianza tu kuwasha na kuzima jiko mwenyewe, kila siku, kabla mama hajalikaribia.

Siku kumi na tisa zikapita. Siku ilipofika, rafu zilijaa pomoni. Vidonge, sindano, pamba, na zile chupa za kizibo chekundu alizoandikiwa mkwewe, safu tatu nzima. Fundi hakufanya kazi. Walikaa wawili kwenye benchi wakizitazama. Saa nane, saa waliyofika dirishani, chupa zilikuwepo. Saa kumi na moja, zahanati ilipofungwa, haikuwa imepungua hata moja.

"Mama, mimi ni mjinga," fundi alisema. "Ubao haupindi kwa kubeba hewa. Nimeuona umepinda, nikafikiria randa."

"Si ujinga, baba. Ulikuwa kazini."

Jioni ile ile wakamwita mtunza stoo. Alikuja, akapewa kiti kizuri na chai. Alizikagua rafu, akakunja uso kidogo.

"Kalenda yangu hiyo. Lakini pamba mbona iko kulia? Sisi tuliiweka kushoto."

"Nilizigeuza," fundi alisema.

"Ahaa."

"Zilikuwepo," mama alisema.

"Zilikuwepo, mama. Ila zilikuwa za walioandikwa majina daftarini mapema."

"Wakaja kuzichukua?"

"Baadhi yao. Nyingine ziliharibika, tukazifukia."

Mama alimwongezea chai, kwa sababu kikombe kilikuwa kimebaki nusu. "Kwa hiyo mimi sikuchelewa."

"Hata kidogo. Ungekuja alfajiri ingekuwa vilevile." Alilisema kwa upole, kama mtu aletaye habari njema, na mama aliona kwamba kweli alitaka kumfariji. Alimaliza chai, akasifu sukari, akaaga.

Kesho yake kalenda ilikuwa imeongezeka karatasi nyingine. Chupa za kizibo chekundu zilikuwa palepale, safu tatu, na siku hiyo ya kwenye kalenda mkwewe alikuwa bado hai, analalamikia kichwa tu. Fundi alilijua hilo pia. Alipanga makopo yake ya skrubu katikati ya chupa bila kuyagonganisha, akapiga msasa polepole, kama mtu anayefanya kazi kwenye nyumba yenye mgonjwa aliyelala.

Mama alikuwa ameshavaa viatu. Alitoka kabla jua halijapanda, akapita njia panda bila kugeuka. Dirishani pa zahanati alikuwa wa kwanza, akaomba dawa ile ya kizibo chekundu. Mtunza stoo alimwamkia kwa heshima zote, akamwuliza hali ya nyumbani, kisha akamwambia imekwisha.