Gata Lililonyooka Mno

Shemeji, kaka wa mume wangu, alikuja asubuhi kumchukua Mama yao akaishi kwake moja kwa moja. Sababu ilikuwa ukuta. Upande wa kitanda chake ulikuwa umelowa tangu mvua zianze, rangi inabanduka, na Mama anakohoa usiku kucha.

"Ukuta umeoza, shemeji," aliniambia huku akiugonga kwa kidole. "Unyevu unapanda kutoka chini. Tutafanyaje?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kaka yake akishasema, yeye hukubali yaishe. Mimi sikukubali. Na mama mkwe wangu tunagombana kuhusu chumvi, tunacheka hadi mbavu zinauma, na nyumba bila yeye siitaki.

"Unyevu wa kutoka chini umeanzaje juu ya dirisha?" nikamuuliza.

Nikafuata ngazi nipande juu kuangalia.

Gata la upande ule, mfereji wa kukinga maji ya paa, alilifunga Shemeji mwenyewe kwa pimamaji, kile kipimo cha usawa, na kila mgeni lazima aoneshwe. Limenyooka kweli, kama pindo nililoshona mimi, na mimi ni fundi cherehani, sisifii ovyo. Nilipanda nikakuta ni safi, hakuna jani hata moja. Nikaomba ndoo ya maji, nikayamimina kwenye ncha iliyo juu ya chumba cha Mama. Maji yakajaa, yakatulia, hayana haraka ya kwenda popote. Nilipoongeza, yakafurika kwa nyuma na kuteremka ukutani.

"Shemeji, njoo uone kazi yako!"

Akapanda, akaona, akajikuna shingo. "Lakini liko sawa kabisa!"

"Ndiyo ugonjwa wake. Maji yanataka kuteremka, wewe umeyatandikia kitanda."

Mume wangu alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Nikamfokea aishike vizuri.

Tulifungua vishikizo vya gata, tukavishusha kidogo kidogo kuelekea kwenye bomba la kushushia maji, uzi wangu wa kushonea ukituonyesha mteremko. Shemeji alikaza skrubu bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mchana mvua ikaja, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikiani. Sote tulijibana chumbani kwa Mama. Nje bomba lilikuwa linatapika maji mtaroni. Juu ya dirisha baka la zamani lilikuwepo, lakini halikuongezeka hata tone.

"Litakauka," nikasema kwa sauti ya juu. "Mama haendi popote."

Shemeji hakukata tamaa. "Hata hivyo, Mama, kwangu kuna nafasi. Twende."

Mama alimtazama. "Gata la kwako alilifunga nani?"

"Mimi."

Mama akavua viatu, akapandisha miguu kitandani, akajifunika khanga. Mimi machozi yalikuwa yameshanilenga.

"Basi mchukue mkwe wangu akakutazamie hilo gata," alisema. "Lakini jioni unirudishie. Huyu ni wangu."