Jina Kwenye Video ya Kelvin

Miaka kumi na miwili nimecheza nyuma ya wasanii, na jina langu halijawahi kuandikwa popote. Kwa hiyo Kelvin, kijana wetu wa Kilosa anayeimba, aliponiomba nimtungie dansi ya video yake, sikuuliza hata malipo. Nilimwambia, "Mwanzoni kabisa andika: mtunzi wa dansi, Hildegarda." Akakubali.

Alitaka vijana wa Kimasai waruke. Nikawapata wanane kule Mikumi, mkubwa wao Koinet, wana adabu zao, shikamoo mwalimu kila asubuhi. Siku nne niliwafundisha kuruka wote kwa pamoja: moja, mbili, tatu, juu! Wapi! Huyu juu, yule chini, mwingine ananitumbulia macho. Nikawafokea mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kurekodi Koinet akanifuata. "Mwalimu, kwetu anaruka mmoja, au wawili. Wengine wanaimba, na sauti ndiyo inayompandisha. Sasa tukiruka wote, nani ataimba?"

Mungu wangu! Siku nne zote amenyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mtu mzima akifundisha hakatizwi.

Mpiga picha alishaanza kulalamika kwamba jua linapanda. Nikawaambia haya, fanyeni yenu, nikaenda kukaa kwenye jiwe nimenuna. Wakajipanga wenyewe nusu duara, wakaanza kuunguruma kutoka kifuani, Koinet akaingia katikati. Aliruka wima, visigino havigusi chini, na kila alivyopanda na sauti zao zilipanda. Mwili ulinisisimka, siwezi kuficha. Kelvin alisahau kuimba.

"Mwalimu, we noma!" akaniambia tulipomaliza. "Umeitunga lini ile?"

Hapo ndipo ningesema. Nikamjibu, "We andika jina tu."

Akaandika. Video ikatoka, watu wakanipigia simu mpaka kutoka Morogoro, nami nikafurahi, kwa nini nidanganye.

Wiki iliyofuata nikakutana na Koinet mnadani, anauza mbuzi. Akaniamkia, akatoa simu, akaniwekea ile video pale mwanzo.

"Umeandikwa, mwalimu. Hongera. Na sisi je?"

Nikamwambia wao wako wengi, majina yasingeenea.

Akaangalia tena simu. Jina langu lilikuwa limekaa peke yake katikati ya kioo cheusi, juu kutupu, chini kutupu.

"Sawa, mwalimu," akasema.